Je, Wajua? Herufi tatu zinazoitawala simu yako

Samsung iliyouzwa na kampuni ya mtandao ya Marekani, tuseme Verizon, si sawa kwa ndani na ndugu yake aliyeuzwa bila mkataba. Ukiiwasha, nembo ya kampuni inatangulia, kisha zinafuata programu ambazo hukuziomba na nyingine hazifutiki. Siri iko kwenye CSC, msimbo wa herufi 3 unaoiambia simu ni ya soko gani: VZW ni Verizon, XAA ni Marekani isiyo na kampuni.

Fundi huubadilisha kwa kuflashi, yaani kuandika upya programu ya simu. Huwasha simu katika hali ya kupakua, huiunganisha na kompyuta kwa waya, kisha programu ya Odin husukuma mafaili manne: BL, AP, CP na CSC. (Odin ni mungu wa kale wa Skandinavia, na kweli, mstari wa maendeleo ukigoma katikati, fundi husali.) Faili la nne ndilo la kuangalia kwa macho mawili. Ukipakia CSC ya kawaida, picha na namba zako zote zinapotea; toleo lake la HOME_CSC huziacha.

Lakini kuflashi hakufungui simu iliyofungwa isipokee laini nyingine. Hiyo ni kufuli tofauti.

Na ukipakia programu isiyo rasmi kwenye simu yenye Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, fyuzi ya kielektroniki inaungua: alama yake ya 0x0 inakuwa 0x1. Hata ukirudisha programu ya kiwandani, haigeuki tena, na Folda Salama, sehemu ya kufungia mafaili yako ya siri, haitafunguka.