Mali Bila Daftari

Wiki hii nawaeleza jinsi nilivyoitafuta bunduki ya marehemu babu yangu.

Ilikuwa bunduki ya marisau, ya mitutu miwili, kazi ya Uingereza. Babu alilindia mahindi yake dhidi ya nguruwe na nyani. Alipofariki ilisalimishwa serikalini, na sisi jamaa zake hatukuifuatilia tena.

Kumbe bunduki ya zamani hujieleza yenyewe, mradi ujue pa kutazama. Chini ya mitutu pana alama ndogo zilizogongwa kwenye chuma. Kwa sheria ya Uingereza bunduki haiuzwi mpaka ijaribiwe kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida. Ikihimili, hugongwa muhuri. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, na kwa kuwa mihuri yake imebadilika mara kadhaa, mjuzi akiitazama huweza kukisia umri wa bunduki.

Lakini shahidi mkubwa ni namba. Makampuni makongwe kama Purdey ya London, lililoanzishwa mwaka 1814, yaliandika madaftarini namba ya kila bunduki na jina la mnunuzi wa kwanza. Ukiwa na namba, unaanzia kwa mnunuzi huyo na kuteremka mmoja mmoja.

Historia hiyo ina thamani yake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa kwenda kuwinda, akiwa na bunduki ya marisau aliyotengenezewa na kampuni la Fox. Mwaka 2010 bunduki hiyo iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Bei hiyo haikuwa ya chuma na mbao. Ilikuwa ya jina la mwenyewe.

Basi nikamwendea baba mdogo kumwuliza namba ya bunduki ya babu.

“Mwanangu,” akanijibu, “sisi tuliijua kwa mlio wake.”

Leseni, ambayo ingekuwa na namba hiyo, iliwashiwa moto pamoja na makaratasi mengine ya marehemu. Hata jina la kampuni halikumbukwi. Safari yangu ikaishia pale pale uani.

Ndugu zangu, usiku huu chukueni kalamu. Andikeni namba ya baiskeli, ya cherehani, ya hati ya shamba, na mmeipata kwa nani. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.