Kapsuli zabwaga mabawa katika zabuni ya anga

SEPTEMBA 2014 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitangaza washindi wa zabuni ya kupeleka wanaanga katika kituo cha kimataifa cha anga. Boeing ilipata mkataba wa dola bilioni 4.2 na SpaceX dola bilioni 2.6. Kampuni ya tatu, Sierra Nevada, ilitoka mikono mitupu. Washindi wote wawili walileta kapsuli, yaani chombo kifupi kisicho na mabawa, kinachorudi ardhini kwa parachuti. Sierra Nevada ilileta Dream Chaser, ndege ndogo yenye mabawa inayotua kiwanjani. Ilikata rufaa kwa wakaguzi wa serikali, lakini Januari 2015 rufaa hiyo ikatupwa.

Kwa anayetazama kwa mbali, uamuzi huo unashangaza. Ndege inarudi nzima na kutua taratibu. Kapsuli inadondoka baharini, au kwenye nyika za Kazakhstan ikiwa ni ya Warusi, na watu wanakwenda kuiokota. Kwa nini mnunuzi achague hiyo?

Jibu liko kwenye mizani. Mwenye lori anajua kwamba kila kilo ya bodi ni kilo isiyolipiwa nauli. Bawa halina kazi huko juu, kwa kuwa hakuna hewa ya kulibeba. Roketi inalisukuma kutoka ardhini, linakaa bure siku zote za safari, kisha linafanya kazi kama nusu saa ya mwisho wakati wa kurudi. Nalo haliji peke yake: yapo magurudumu, na vipo vigae vya kuzuia joto. Chombo cha Shuttle cha Marekani kilikuwa na vigae zaidi ya 20,000, vya kukaguliwa kila baada ya safari. Kikiwa kitupu kilikuwa na uzito wa tani 78 hivi. Soyuz ya Warusi, inayobeba watu watatu, ni kama tani 7 tu.

Uzito huo ungeweza kufidiwa na wingi wa safari, na hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Miaka ya 1970 watetezi wa Shuttle waliahidi safari karibu kila wiki. Mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, 1985, zilikuwa 9. Kuanzia 1981 hadi 2011 zilifanyika 135, na gharama ya mpango mzima inakadiriwa kuwa karibu dola bilioni 200. Ukigawa, kila safari inagusa dola bilioni 1.5. Ni kweli kwamba pamoja na watu, kwa kawaida hadi saba, kilibebwa pia shehena kubwa, hivyo si haki kuitwisha viti gharama yote. Lakini gari linalolala gereji linamla mwenye nalo, kwa sababu mafundi wanalipwa liende lisiende.

Hata ukubwa wa mabawa yale haukuamuliwa na soko. Jeshi la Anga la Marekani lilitaka chombo kiweze kuzunguka dunia mara moja tu na kurudi kutua kilikoanzia, jambo lililohitaji mabawa mapana. NASA, iliyohitaji kuungwa mkono na jeshi ili ipate fedha, ilikubali. Safari ya namna hiyo haikufanyika hata mara moja.

Gharama nyingine haiandikwi kwa dola. Kapsuli hukaa juu kabisa ya roketi na inaweza kuchomoka hatari ikitokea. Oktoba 2018 roketi ya Soyuz iliharibika njiani, na wanaanga wawili wakarudi salama. Shuttle ilining'inia ubavuni mwa tangi la mafuta. Januari 2003 kipande cha povu la tangi hilo kiligonga bawa la kushoto la Columbia wakati wa kuruka, na Februari 1 chombo kilisambaratika kikirudi. Watu saba walikufa, kama walivyokufa saba wa Challenger mwaka 1986.

Shuttle ilipostaafu mwaka 2011, Warusi wakabaki peke yao sokoni. Kiti kimoja walichokuwa wakikiuza kwa NASA kama dola milioni 21 mwaka 2008 kilifika karibu milioni 90 mwaka 2020. Mfanyabiashara hahitaji kuelezwa sababu. Kapsuli ya Dragon ya SpaceX ilibeba watu kwa mara ya kwanza Mei 30, 2020, kwa kiti ambacho wakaguzi wa NASA walikuwa wamekadiria kuwa dola milioni 55. Dragon hutumika tena na tena, na hatua ya kwanza ya roketi yake hurudi na kutua wima, bila bawa. Ile hoja kwamba mabawa pekee ndiyo yanayookoa chombo ikaisha.

Hata hivyo, kapsuli si faida ya uhakika. Starliner ya Boeing ilipeleka wanaanga wawili Juni 2024, ikapata hitilafu, ikarudishwa tupu Septemba. Wenyewe walirudi Machi 2025 ndani ya Dragon. Mkataba ulikuwa wa bei isiyobadilika, hivyo hasara ya zaidi ya dola bilioni 1.5 ikabaki kwa Boeing. Kati ya kampuni tatu zile za mwaka 2014, Boeing peke yake ndiyo iliyokuwa na hisa ambazo mwekezaji mdogo angeweza kununua New York. Hisa hizo zimeyumbishwa zaidi na matatizo ya ndege za abiria, lakini aliyezinunua kwa sababu ya habari ya zabuni alinunua pia hasara hiyo.

Dream Chaser nayo ilipata mkataba wa mizigo mwaka 2016. Kutua kwake taratibu kunafaa sampuli za maabara zisizotaka kutikiswa, na huenda hapo ndipo mabawa yanapostahili bei yake. Hadi mwisho wa 2025 ilikuwa haijaruka angani, na Septemba mwaka huo NASA ilibadili mkataba ili isilazimike kununua idadi yoyote maalumu ya safari zake.