Dawa ya Kunenepesha Kondoo na Anayeishika

Ndugu zetu wa viwanda vya chakula cha mifugo, ninyi mnaochanganya pumba, mahindi na poda za dawa kwa koleo, habari hii yatoka mbali lakini yawahusu.

Mwaka 1938 wataalamu wa Uingereza walitengeneza stilibestroli, dawa inayofanya kazi mwilini kama homoni ya kike. Katika miaka ya 1950 watafiti wa chuo cha Iowa, Marekani, waliitia katika chakula cha wanakondoo na cha ng'ombe. Wanyama wakaongeza uzito upesi kwa chakula kidogo. Wenye mali walifurahi, wala si ajabu, maana chakula ndicho gharama kubwa ya kunenepesha. Mwaka 1954 serikali ya huko iliiruhusu kwa ng'ombe, na baadaye kwa kondoo. Kondoo wenyewe walionyesha dalili: madume waliohasiwa waliota chuchu, na wengine walizibwa mkojo wakafa.

Sasa tusikilizane. Mwaka 1942, miaka 12 kabla ya ruhusa ile, jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza lilikwisha kueleza habari za wanaume wawili, wafanyakazi wa stilibestroli, walioota matiti. Dawa hii hupita kwenye ngozi, na vumbi lake huvutwa kwa pumzi. Mfanyakazi hakuila, aliishika tu.

Mwaka 1971 madaktari wa Boston walitangaza kwamba wasichana ambao mama zao walipewa dawa hiyo wakiwa wajawazito walipata saratani ya uke, ugonjwa adimu sana kwa umri wao. Serikali ikaamuru mwaka 1972 isitiwe tena katika chakula cha mifugo. Makampuni yakaenda mahakamani, na mwaka 1974 amri ikatenguliwa kwa sababu hayakupewa nafasi ya kusikilizwa. Marufuku kamili kwa mifugo ilikuja mwaka 1979. Tangu wale wawili, hesabuni wenyewe: miaka 37.

Jumuiya ya Ulaya ilikwenda mbali zaidi, na tangu mwaka 1989 haipokei nyama ya mifugo iliyonenepeshwa kwa homoni. Marekani bado yaruhusu homoni nyingine, zeranoli, ipachikwe chini ya ngozi ya sikio la mwanakondoo.

Kwetu, gunia la poda likifika kiwandani na maandishi yake ni ya lugha ngeni, mwiteni katibu wa tawi asomewe na msimamizi mbele yenu kabla halijafunguliwa. Glavu na kitambaa cha pua vidaiwe siku hiyo hiyo.