HEWA NDANI YA REJETA: KWA NINI DEREVA ALIPISHWE INJINI?



Katika kuwatembelea wanachama kati ya Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, lalamiko moja tunalisikia kila mara. Lori limechemsha njiani, injini imekufa, na tajiri anamkata dereva mshahara. Tajiri anasema dereva hakutia maji. Dereva anaapa kwamba aliijaza rejeta mpaka mdomoni kabla ya kupakia. Wenzetu, dereva huyo anaweza kuwa anasema kweli kabisa. Rejeta yaweza kujaa maji, huku juu ya injini, penye moto mkali, mna hewa tupu.

Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958. Mwaka huo huo ndipo Bedford TJ zilipoanza kutoka kiwandani Uingereza. Lori la umri huo likiwa bado linabeba matoke na mahindi, jueni limepita mikononi mwa makanika wengi. Mipira ya maji imebadilishwa, pampu imebadilishwa, hata kifuniko cha rejeta si kile lilichozaliwa nacho. Gari kama hili halitaki haraka.

HEWA INAINGIAJE?

Mara nyingi inaingia gereji. Maji yamemwagwa ili kubadili mpira au pampu, kisha makanika anajaza kwa ndoo, upesi upesi, kwa sababu tajiri amesimama mlangoni. Thamostati ingali imefunga kwa kuwa injini ni baridi. Maji yanapanda kutoka chini, hewa inakosa pa kutokea, inajibana chini ya thamostati na kwenye mipira ya hita. Nyingine huvutwa njiani na pampu, kupitia klipu iliyolegea au mpira uliopasuka upande wa kuvuta. Hewa haibebi joto kama maji. Pale ilipokaa, chuma kinaungua, hedi inapinda, gasketi inakufa.

Tena tukumbuke mahali tulipo. Mbarara iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Huku maji hayangoji digrii 100, yanachemka kwenye 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta: kila pauni moja ya mgandamizo inaongeza karibu digrii moja na nusu kabla ya maji kuchemka. Kifuniko kilichochoka, pamoja na hewa ndani, pamoja na mzigo kwenye vilima vya Isingiro, ndiyo ajali hiyo.

DALILI ZAKE

Geji ya joto inapanda ghafla, inashuka, inapanda tena. Injini inachemka lakini mpira wa juu wa rejeta ni baridi. Ndani kunasikika maji yakigugumia. Hita inatoa upepo baridi. Lakini msiitegemee geji peke yake: kipimo chake kikikaa ndani ya hewa badala ya maji, kinaweza kusema uongo, kikaonyesha salama wakati injini inaungua.

NAMNA YA KUITOA

1. Injini ipoe kabisa. Lori lisimame pua ikielekea mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu.

2. Fungua koki ya hita. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya nyumba ya thamostati. Kama haipo, legeza kipimo cha geji au mpira ulio juu kuliko yote.

3. Jaza polepole. Minya mipira kwa mkono, utaona mapovu yakipanda. Pale ulipolegeza pakitoa maji matupu bila povu, kaza.

4. Washa injini, kifuniko kikiwa wazi, iungurume bila kukanyaga mafuta. Ngoja thamostati ifunguke, nyingi hufunguka kwenye digrii 80 hivi. Mpira wa juu utapata moto na maji yatashuka ghafla. Ongeza.

5. Mapovu yakiisha, funga kifuniko. Zunguka kidogo bila mzigo, acha ipoe, pima tena. Maji yakiwa yamepungua, rudia.

Wako wanaoitupa thamostati wakidhani wameponya. Hawajaponya. Injini inafanya kazi baridi, inakula mafuta na kuchakaa. Afadhali kutoboa tundu la milimita 3 pembeni mwa thamostati na kuifunga tundu likiwa juu, hewa ipate njia. Na mapovu yasipokwisha hata baada ya kurudia, acheni kujaza maji. Hiyo ni gasketi ya hedi, moshi wa silinda unaingia ndani ya maji. Semeni mapema.

TANBOI SI KITAMBAA CHA KUFUNGULIA REJETA

Hapa ndipo penye uchungu. Lori likichemsha, anayetumwa kufungua kifuniko ni tanboi, kijana, mara nyingi mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, hana glavu, ameshika fulana yake. Tumemwona mmoja aliyeungua uso na kifua. Tajiri wake alimwambia arudi Nakivale, kwamba mkimbizi hana kesi.

Huo ni uongo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi Uganda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga avitoe bila malipo. Aliyeumia kazini ana Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Na Sheria ya Ajira ya 2006 imetaja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara. Haikumwachia tajiri akate anavyotaka.

Basi tunakubaliana hivi. Hakuna kufungua kifuniko cha moto: zima, ngoja si chini ya nusu saa. Hakuna kumwaga maji baridi ndani ya injini iliyokauka, itapasuka. Msichote maji ya matope, mchukue dumu la maji safi toka nyumbani. Kila gari likitoka gereji, dereva aandike tarehe, kazi iliyofanywa, na kama hewa ilitolewa, kisha makanika atie sahihi. Daftari la shilingi chache litasema siku dereva atakapoitwa ofisini.

Atakayekatwa mshahara kwa injini iliyochemka, au atakayeungua, alete habari kwa mjumbe wake upesi, pamoja na daftari hilo. Asije peke yake. Aje na wenzake.