Neno Moja, Sheria Mbili

Huwaambia wanafunzi wangu wa isimu kwamba neno moja laweza kugeuza sheria nzima. Mfano ni Kutoka, sura ya 21: wanaume wanapigana, wanamgonga mja mzito, mimba inatoka. Kiebrania chasema pasipo madhara, aliyemgonga atatozwa fidia. Madhara yakiwapo, ni uhai kwa uhai. Wafasiri wa Kiyahudi huyachukulia madhara hayo kuwa ya mama. Tafsiri kongwe ya Kigiriki, waliyoirithi Wakristo wa mwanzo, haitaji madhara: yadai uhai kwa uhai iwapo kijusi kimekwisha kuumbika.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yaamuru kwamba uzazi ukihatarisha maisha ya mama, kijusi kikatwe tumboni, kwani uhai wa mama hutangulia. Sehemu yake kubwa ikishatoka, hakiguswi. Hata hivyo, marabi hawana kauli moja: wapo wasioruhusu ila kwa hatari hiyo, na wapo wanaoongeza mateso ya akili.

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaachia majimbo suala hili. Mwaka huo huo sinagogi moja liliishtaki Florida, likidai kuwa kupiga marufuku utoaji mimba baada ya majuma 15 kunawanyima Wayahudi uhuru wa dini yao.

Basi, tuambiwapo sheria ifuate maadili ya dini, na tuulize: dini ya nani, na kwa tafsiri ipi? Atakayelipia jibu si mfasiri, bali ni mama aliye kitandani.