Brussels haina jua la utosi

Tarehe 21 Desemba, mnamo saa saba kasorobo mchana, jua la Brussels hufika kilele cha safari yake ya siku. Kilele chenyewe ni nyuzi 16 hivi juu ya upeo wa macho. Dar es Salaam jua hufikia kimo hicho saa moja na dakika chache tu tangu lichomoze, wauza chapati wa Kariakoo wakiwa bado wanahudumia wateja wa chai ya asubuhi. Mtu wa mita 1.7 akisimama adhuhuri hiyo kwenye bustani ya Cinquantenaire anatupa kivuli cha mita sita. Mwanga unaompiga usoni unatoka ubavuni, una manjano, umepenya tabaka nene la hewa. Kwa mpiga picha aliyefundishwa Mombasa au Bujumbura kwamba kuanzia saa nne hadi saa kumi kamera ikae mkobani, hili linahitaji kuzoewa: siku nzima ni asubuhi.

Wenzetu wanaohamia hapa na kamera zao huniuliza kwanza habari za theluji na maua. Mimi huwaanzishia na pembe ya jua, kwani majira ya huku ni suala la pembe kabla hayajawa suala la baridi na joto. Brussels iko karibu nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Mwezi Juni jua lake la adhuhuri hupanda hadi nyuzi 62 na nusu, na hapo pana jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka wapige hesabu: siku hiyohiyo jua la Dar es Salaam halifiki hata 60. Ila Dar litapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Brussels halipiti utosini kamwe.

Wala haliteremki wima kama letu. Hushuka kimshazari, na mwezi Juni kasi yake ya kuzama ni takriban nusu ya ile ya Pwani. Ule mwanga wa dhahabu ambao Bagamoyo unakuponyoka ungali unabadilisha lenzi, hapa hukaa karibu saa nzima. Jua likizama saa nne usiku, ubuluu hubaki angani kwa dakika 45 hivi nyingine, na hata usiku wa manane mbingu haijawa nyeusi kabisa. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika 38. Saa ya Kiswahili ilitungwa na watu ambao jua lao halichelewi. Huku usipangie picha kwa mazoea yake, angalia ratiba ya macheo na machweo ya siku husika.

Kutokana na hayo nina msimamo ambao wageni wengi hawaupendi: majira bora ya kupiga picha za maisha ya mtaani Brussels ni majira ya baridi. Zingatia ule ubuluu wa maghribi. Juni hufika saa nne na nusu usiku, watoto wamelala na waliobaki nje wako mezani na glasi zao. Desemba hufika saa kumi na moja jioni, ofisi zikifungwa, wazazi wakiwachukua watoto shuleni, tramu zimejaa, maduka yamewasha taa. Anga ya buluu na taa za manjano hulingana nguvu kwa dakika 20 hivi, na mji mzima uko barabarani ndani ya dakika hizo. Asubuhi hali hurudi tena, watu wakienda kazini gizani. Weka ISO kati ya 1600 na 3200, shata sehemu moja ya 125 ya sekunde, tundu la lenzi uliachie wazi kadiri linavyoruhusu. Mawe ya barabara za katikati ya mji yakiwa na unyevu, yatakurudishia sehemu ya mwanga bure.

Na unyevu hautakosekana. Vipimo vya Uccle, kusini mwa jiji, makao ya taasisi ya taifa ya hali ya hewa, vinaonyesha mvua ya milimita 800 na kitu kwa mwaka. Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Lakini mvua ya Dar humwagika, ikaisha, jua likatoka. Ya Brussels hunyunyiza kidogokidogo, karibu siku moja kati ya kila mbili. Desemba jua huonekana kwa takriban saa 50 tu mwezi mzima. Wengi hulalamikia wingu linalolificha. Mpiga picha za watu asilalamike: wingu ni pazia jeupe lililotandazwa juu ya mji wote, na chini yake hakuna macho yaliyozama kwenye vivuli wala paji la uso linalowaka. Ngozi nyeusi hunufaika kuliko zote, maana uzuri wake kwenye picha hutokana na mng'ao mpana unaoteleza shavuni, na mng'ao huo hutaka chanzo kikubwa cha mwanga laini.

Theluji ndiyo huvuruga hesabu. Huanguka mara chache, na mara nyingi haidumu zaidi ya siku mbili, kwa hiyo hakuna muda wa kujifunza ikishaanguka. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hukisia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani. Kikikutana na uwanja mweupe hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Theluji inatoka kijivu, na dada yako aliyesimama mbele yake anatoka kama kivuli chenye meno. Dawa ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa: ongeza hatua moja hadi mbili. Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo, kisha sukuma alama ya jua juu. Uso ndio utangulie. Theluji ikipoteza chembechembe zake hakuna atakayeidai. Tatizo hili lina historia pia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe, na filamu ikapendelea ngozi ya aina hiyo. Kamera za kidijitali zimepunguza upendeleo huo, lakini kijivu cha wastani kingalipo.

Ukirudi ndani kutoka baridini, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuvuka mlango, uiache ipate joto taratibu. La sivyo unyevu utajikusanya juu ya lenzi na hata ndani yake. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili.

Mahali pa kuyajaribu haya yote ni Matongé, mtaa wa Ixelles unaoanzia Porte de Namur na kufuata Chaussée de Wavre, uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Mizizi yake ni Maison Africaine, nyumba iliyowapokea wanafunzi wa Kikongo tangu miaka ya mwisho ya ukoloni; maduka, saluni na baa vilifuata. Lingala husikika sana, lakini tega sikio utakisikia Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi, mtu akiulizia sombe (kisamvu) au makayabu (samaki wa chumvi). Tangu tarehe 30 Juni 2018 uwanja mdogo uliopo hapo una jina la Patrice Lumumba. Januari vioo vya saluni hujaa mvuke na wateja huwa maumbo ya rangi nyuma yake. Julai milango iko wazi, viti vimetolewa nje, na ususi unafanyika karibu barabarani. Kona ileile, wasusi walewale, picha mbili zisizofanana kwa lolote. Majira yanaonekana hapo waziwazi kuliko kwenye ua lolote la bustanini.

Lakini Matongé imechoka kupigwa picha na wapita njia. Wapo ambao hati zao za ukaazi hazijakamilika, wapo waliokwisha kuona sura zao kwenye habari wasizozipenda. Salimia kwanza, nunua kitu, kisha omba: "Shikamoo mama, naomba nipige picha ya duka lako, na wewe ukiwemo kama hutojali." Akikataa, umepata jibu. Sheria nayo iko upande wake: nchini Ubelgiji picha ya mtu anayetambulika kama mhusika mkuu haichapishwi bila ridhaa yake, na akifariki ridhaa hiyo hubaki kwa warithi wake miaka 20. Mtu aliyeangukia tu ndani ya umati ni suala jingine. Kwa majengo sheria imelegezwa zaidi. Kabla ya Julai 2016 kuchapisha picha ya Atomium, ile mipira ya chuma yenye kimo cha mita 102 iliyojengwa kwa maonyesho ya 1958, kulihitaji kibali cha wenye hakimiliki. Sasa sheria inaruhusu kupiga na kusambaza picha za majengo na sanamu zilizosimama daima mahali pa wazi.

Majira ya kuchipua nitayapitia haraka, kwa sababu kila mtu tayari anayapiga. Micheri ya Kijapani huchanua kwenye mitaa ya Schaerbeek na kwenye nyumba za Le Logis na Floréal huko Boitsfort. Katikati ya Aprili msitu wa Hallerbos, kusini mwa jiji, hufunikwa na hayasinti mwitu za rangi kati ya buluu na zambarau. Huharakisha kuchanua kabla majani ya miti hayajafunga paa na kuzinyima mwanga. Kaa njiani, mimea iliyokanyagwa huchukua miaka kurudi. Na ukimpiga mtu picha chini ya majani hayo mapya, rekebisha mizani ya weupe, maana mwanga unaochujwa na majani mabichi humgeuza kijani.

Kiangazi? Amka saa kumi na moja alfajiri au subiri hadi saa tatu usiku. Katikati hapo, fuata ndege. Kwenye mabwawa ya Ixelles na Woluwe utawakuta mabata bukini wa Misri, walewale wa Naivasha wenye duara la kahawia machoni, waliotokana na ndege wa kufugwa na sasa wanaototoa hapa bila kumtegemea mtu. Kasuku wa kijani wenye pete shingoni ni kisa kingine: mwaka 1974 bustani moja ya burudani jirani na Atomium iliwaachia takriban 40, kwa nia ya kuupa mji rangi, na leo ni maelfu kwa maelfu. Asili yao ni Bara Hindi na ukanda wa Afrika ulio kusini mwa Sahara. Ila subira: picha yao nzuri haiko kiangazi bali Januari, miti ikiwa uchi, wanaporudi jioni kwa makundi kulala pamoja. Kijani kile juu ya matawi meusi hakihitaji ufundi mwingi.

Kisha huja majani kupukutika, na hapo panda tramu namba 44 kutoka Montgomery hadi Tervuren. Reli inapita kando na ndani ya msitu wa Soignes, zaidi ya hekta 4,000, wenye vipande vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017. Miti yake mikuu ni ile ambayo wenyeji huiita hêtre kwa Kifaransa na beuk kwa Kiholanzi. Vigogo vilivyonyooka kama vimepimwa havikutokea vyenyewe: mwishoni mwa karne ya 18, enzi za utawala wa Austria, Joachim Zinner alisimamia upandaji, na miti iliyokua pamoja ikishindania mwanga ilipanda juu bila matawi ya chini. Siku zikifupika, jani huacha kutengeneza klorofili. Kijani kinapofifia, manjano iliyokuwemo tangu mwanzo hujitokeza, kisha shaba. Kilele ni mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Nenda baada ya mvua, funga kichujio cha kupunguza mng'ao ili maji juu ya majani yasikuibie rangi, na elekeza lenzi upande wa jua. Kukiwa na ukungu, usirudi nyumbani mapema.

Mwisho wa reli kuna hifadhi ya Tervuren na mabwawa yake, mazuri mno mwezi huo. Kando ya mabwawa hayo, mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliweka vijiji vya maonyesho na kuleta watu 267 kutoka Kongo watazamwe. Saba walikufa katika kiangazi kilichokuwa cha baridi na mvua, nao wamezikwa ubavuni mwa kanisa la mji. Sioni sababu ya kuacha kupapiga picha mahali hapo, ila picha isiyo na maelezo chini yake ni pungufu. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi anayeishi kati ya mji huo na Brussels, ameifanya kazi ya aina hiyo kwa upana: katika mfululizo wake *Mémoire* aliwakata watu kutoka picha za kumbukumbu za kikoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya leo ya migodi ya Katanga. Nyakati mbili, ardhi moja.

Kwa majira, njia nyepesi kuliko hiyo ni kurudi palepale. Chagua kitu cha kawaida chenye mti mmoja na watu wanaopita, kwa mfano kituo cha basi au benchi la uwanja wa Flagey. Uwanja mkuu wa Grand-Place haufai: mawe yake hayajui mwezi, na zulia la maua linalotandazwa pale Agosti kila mwaka wa pili litakueleza habari za tamasha, si za kiangazi. Tumia lenzi ileile, kimo kilekile, weka alama ya miguu kwenye ufa wa lami. Ukirudi kwa saa ileile, utapata jinsi mwanga ulivyohama. Ukirudi kwa pembe ileile ya jua, utapata jinsi watu na majani walivyobadilika. Ni kazi mbili tofauti, amua moja kabla hujaanza. Na Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba saa za nchi husogezwa. Simu hujirekebisha, kamera nyingi hazifanyi hivyo, na tarehe na saa zilizoandikwa ndani ya faili ndizo utakazozitegemea kupanga mwaka wako.