Nauli ya mwenyeji na nauli ya mgeni: jirani wa Afrika Mashariki ahesabiwe wapi?

Kwa miaka mingi abiria wa boti ziendazo kasi kati ya Dar es Salaam na Zanzibar wamekuwa wakikuta bei mbili kwenye dirisha la tiketi. Moja ni ya shilingi kwa mkazi, nyingine ni ya dola kwa asiye mkazi. Wote hukaa daraja moja na hushuka saa ileile. Mtalii hulipa na kusahau, kwani huenda asirudi tena. Anayeumia ni mfanyabiashara wa nchi jirani anayevuka kila wiki.

Chukua viwango vya mwaka 2019. Daraja la kawaida, mkazi alilipa takriban Sh25,000 na asiye mkazi dola 35. Kwa dola moja kuwa karibu Sh2,300, mgeni alilipa zaidi ya Sh80,000, yaani tofauti ya kama Sh55,000 kwa safari moja. Tuseme muuza nguo kutoka Mombasa ahesabiwe kuwa si mkazi, naye aende na kurudi mara nne kwa mwezi. Atakuwa amelipa zaidi ya Sh440,000 juu ya mwenzake wa Kariakoo anayeuza nguo zilezile. Ama aipandishe bei, ama aiache njia hiyo.

Utata uko kwenye neno 'mkazi'. Mkazi si lazima awe raia. Mtu wa Ulaya mwenye kibali cha kuishi nchini anaweza kuhesabiwa mkazi, ilhali Mkenya au Mkongo asiye na kibali akawekwa fungu moja na mtalii.

Wanaotetea bei mbili wanasema mwenyeji amekwishalipa kwa njia ya kodi, hivyo mgeni achangie zaidi. Hoja hiyo ina uzito pale chombo kinapokuwa mali ya umma. Mfano ni MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo katika safari zake za Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ilikuwa ikiwatoza wageni kwa dola. Kwa boti ya kampuni binafsi hoja inapungua nguvu. Aidha, mfanyabiashara wa jirani naye si bure: hulipa ushuru wa mzigo, ada za bandari na kodi iliyomo katika kila anachonunua.

Mbona mabasi mengi yanayovuka mpaka hayana nauli ya mgeni? Sababu ni ya kibiashara kuliko ya kisheria. Bei mbili hudumu pale mwenye chombo anapoweza kukagua kitambulisho, tiketi ikiwa na jina la abiria, na washindani wakiwa wachache. Bandarini yote matatu yapo. Stendi ya mabasi, abiria akiona ameonewa huvuka na kwenda kwa wakala wa pili.

Lipo fungu la tatu ambalo tayari linatumika kwingineko. Nchini Uganda, tangu Julai 2024, kibali cha kuwaona sokwe wa milimani ni dola 800 kwa mgeni asiye mkazi, lakini raia wa Afrika Mashariki hulipa Sh300,000 za Uganda. Ni ajabu kidogo kwamba jirani anatambuliwa anapokwenda kutazama sokwe, na asitambuliwe anaposafiri na mzigo wake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inakataza kumbagua raia wa nchi mwanachama kwa sababu ya utaifa wake. Hata hivyo, waliotia saini ni serikali. Kampuni ya boti haikusaini, na mpaka serikali iweke sharti hilo kwenye leseni au kwenye viwango vya nauli, abiria hana pa kushika.

Wasafirishaji wa malori wanalijua jambo hili kwa upande mwingine. Septemba 2013 Rwanda ilipandisha ada ya barabara kwa malori yenye usajili wa Tanzania kutoka dola 152 hadi 500, ikijibu ada ya dola 500 ambayo Tanzania ilikuwa ikitoza malori ya Rwanda. Waliolipa ni wenye magari wa pande zote mbili, na hatimaye ada ikarudishwa kwenye dola 152. Tofauti na nauli, ile ilikuwa ada ya serikali, hivyo serikali ziliweza kuketi na kuiondoa.

Kuhusu dola, kanuni za Tanzania za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipia bidhaa au huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Zinagusa sarafu tu. Hazimzuii mwenye chombo kumtoza mgeni nauli kubwa zaidi kwa shilingi.

Kwa anayesafiri mara kwa mara, mwenye kibali cha ukazi akitoe kabla ya tiketi kuandikwa, kwani ikishachapwa ni vigumu kubadilishwa. Asiye nacho aulize kwanza kama kuna kiwango cha Afrika Mashariki. Risiti zitunzwe. Ada inayotozwa na mamlaka ya serikali inaweza kuripotiwa kama kikwazo kisicho cha kiforodha, ambavyo Jumuiya ilivitungia sheria mwaka 2017. Nauli ya kampuni binafsi itabidi ipelekwe kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa majini.